Mama, Baba Amecheka

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Mama yetu mpenzi, na bado humu ndani hakuna anayeketi akatulia. Dada anapangua kabati alilolipanga jana. Kaka anashuka kwenye lori lake, anasimama mlangoni na funguo mkononi, anauliza, "Kwema?" na kabla hajajibiwa ameshatoka. Mimi, kitinda mimba wako, nayaandika haya nikiwa wima, karatasi nimeiweka juu ya friji.

Wodini walikuita Sista Cheka. Watu waliotoka kupasuliwa tumbo waliogopa kukohoa, wakawa wanapumua juujuu tu. Ulimpa mgonjwa mto aukumbatie juu ya kidonda, kisha ukavuta stuli. "Haya, baba, sindano nimeshakuchoma, vidonge umeshameza. Sasa tucheke." Mpangilio wako ulikuwa huo huo. Aliyetaka mzaha huku vidonge kavificha chini ya godoro, ulimkemea mpaka wodi nzima ikanywea. Ulituambia kicheko hufungua kifua, hulegeza mwili uliokaza, humsahaulisha mtu maumivu kidogo, na hapo hapo anavuta pumzi ya maana.

Nyumbani ulikuwa vile vile. Baba akirudi kutoka kwenye cherehani yake kanuna, ulimfuata huku na huku ukimwigizia wateja wake, hasa yule bibi harusi aliyenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa. Hakuwahi kumaliza chai bila kupaliwa.

Kisha moyo wako ukasimama, ukiwa unaanika mashuka. Msibani mtu alinong'ona, "Na kucheka kote kule?" Neno lile likatuganda. Kaka alilirudia mezani kwa hasira: "Basi kicheko kilimsaidia nini?" Siku moja redio ilinichekesha, Baba akainuka akaizima. Toka hapo tukawa tunaongea kwa sauti za chini kama wageni.

Halafu Baba naye akalazimika kupasuliwa tumbo, akalazwa wodi ile ile yako. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini kukohoa akakataa katakata.

"Nimeshona maisha yangu yote," alisema. "Najua mshono unavyofumuka."

Muuguzi uliyemfundisha kazi alituvuta pembeni. "Kifua kimeanza kukoroma. Dawa tunampa, ila asipopumua vizuri na kukohoa, makohozi yatatuama, itakuwa nimonia. Sista angekuwepo..."

Kaka alikwenda na kurudi kwenye korido mpaka mfagiaji akamwomba achague upande mmoja. Mimi nilifungua mdomo nimchekeshe Baba, nikaangua kilio. Ikabaki kwa Dada, mwalimu wa hesabu, ambaye unajua hajawahi kuufikisha mzaha salama. Alimwekea Baba mto tumboni, akavuta stuli.

"Kulikuwa na mzee," akaanza. "Daktari akamwuliza, 'Mzee, choo unapata?' Akajibu, 'Napata, mwanangu, asubuhi na jioni, na maziwa kidogo.'"

Baba akakunja uso.

"Ngoja, Baba. Alisikia 'chai'. Nimesahau kusema masikio yake yalikuwa mazito. Naanza upya. Kulikuwa na mzee kiziwi, alipenda sana choo... Chai! Alipenda chai!"

Baba alimkodolea macho. Mabega yakaanza kumtikisika. "Wewe mtoto," alisema, "hadithi ya mama yako umeiua kabisa!" Akaukumbatia mto, akacheka huku akilalamika, "Jamani, inauma! Nyamaza!" Dada hakunyamaza, alikuwa anaanza upya mara ya tatu. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikang'oa yaliyoganda kifuani, muuguzi akakinga bakuli. Baada ya hapo Baba alilia, Mama. Hakuwa amelia tangu tukuzike. Mshono haukufumuka.

Kaka alikuwa mlangoni, anajifuta pua kwa mkono wa shati. "Kumbe hii ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya," alimwambia muuguzi.

Hatusemi Baba alipona kwa kicheko peke yake. Vidonge alimeza, mazoezi ya kupumua alifanya, na tukisema vingine utatukemea. Lakini Kaka hajauliza tena kilikusaidia nini. Anasema moyo wako ulikuwa na lake, na watu waliotoka wodini kwako kwa miguu yao walikuwa na lao.

Usidhani tumetulia. Baba sasa anacheka mezani, kisha anakatisha ghafla na kugeukia upande wako. Picha zako tunazo nyingi, sauti yako hatukuirekodi. Dada anasema kicheko chako kilianzia kooni, kama mlango uliokwama. Baba anasema hapana, kilianzia puani. Kaka anajaribu kukiiga, tunamwambia sicho, anajaribu tena, tunamzomea, chakula kinapoa. Hatujakubaliana, Mama, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha kubishana.

Unakumbukwa na mumeo fundi wako, binti yako mwalimu, mwanao dereva, mimi kitinda mimba, mama mdogo aliyekufuata ziwa, wakwe zako, wajukuu zako, na wauguzi wote wa wodi yako.

Maadamu tunapumua, Mama, hutatutoka moyoni.