Mikono ya Chaki

Kwako Dada,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Natumaini kidonda cha upasuaji kimefunga na unamsikiliza daktari, ingawa nakujua, kutulia si jadi yako. Huku miili ni mizima, mioyo ndiyo bado. Wifi yako, mjane wa kaka, anakusalimu. Ameanza kula kidogo.

Uliniomba nikusimulie mazishi ya kaka yetu, kwa kuwa hukuweza kusafiri. Watu walijaa, Dada, wee! Walikuja wanafunzi wake wa miaka yote thelathini na mmoja ya ualimu, wengine wana mvi kumshinda yeye. Walimwita Chaki hadi kaburini, maana siku za mechi alifundisha hesabu akiwa ameshavaa nguo zake nyeupe za kriketi, kengele ikilia tu, huyoo uwanjani. Mwalimu mkuu alisema aliichezea timu ya mkoa misimu kumi na minne na hakukosa kipindi hata kimoja. Akaongeza kwamba hadi leo hajui kwa nini timu ya taifa haikumchukua. Nikainamisha kichwa. Hata wewe umeniuliza hilo mara nyingi, nami nikawa nakujibu kwamba riziki haivutwi kwa kamba.

Nilikudanganya. Unaikumbuka ile mechi ya majaribio, walipokuja wachaguzi wa taifa? Timu yetu ya mkoa iligawanywa pande mbili. Kaka alikuwa anapiga, mimi nipo upande wa pili, nimechuchumaa nyuma ya vijiti kudaka mpira. Siku hiyo alipiga mpaka wachaguzi wakaacha kuandika, wakawa wanatazama tu. Mpira mmoja ukampita, nikaudaka. Haukugusa gongo lake, na mpira usipogusa gongo, hata ukidakwa mpigaji hatoki. Nikaruka nikipiga kelele kwamba umegusa, ametoka. Mwamuzi akasita, hakuwa amesikia kitu. Kaka akageuka, akaniuliza kama kweli umegusa. Nikaapa kwamba umegusa. Akalitia gongo kwapani, akatoka mwenyewe bila kungoja mwamuzi.

Nilikuwa nimechoka kuitwa mdogo wake Chaki, Dada. Ni wivu tu, sina jina jingine la kuupa. Na mimi pia hawakunichukua.

Miaka yote hii nilijifariji kwamba aliniamini. Juzi wifi yako akanipa daftari ambalo kaka alifundishia watoto kriketi. Ukurasa wa kwanza ameandika, kwa mwandiko wake uleule wa ubaoni, kwamba mpira ukigusa gongo, hata kama ni kiasi cha unywele, mikono ya mpigaji hujua kabla ya sikio la mtu yeyote.

Basi alijua. Alijua palepale, akatoka ili nisionekane mwongo mbele za watu. Na tulirudi nyumbani pamoja jioni ile, akanibebea mfuko wangu. Nimelia, Dada, kama mtoto.

Shule wameniomba nimzungumzie Jumamosi ijayo. Nitayasema haya mbele ya wote, ila sikutaka uyasikie kwa watu. Ukikaa kimya usinijibu, sitakulaumu.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote. Huo mguu usiukanyagie kwanza.

Ni mimi,
mdogo wake Chaki