Anachonificha Fundi Swaibu

Ijumbi, Jumapili ya Kwaresima, 1974. Mvua tangu misa ya kwanza.

Leo nimeamka na hasira na nimeenda nayo kanisani. Padre wetu wa hapa anahubiri habari za kusameheana, mimi nahesabu uongo wa Fundi Swaibu kwa vidole. Nilipofika kidole cha sita tukaambiwa tusimame tusali Nasadiki, nikapoteza hesabu.

Niandike kwa mpangilio, maana mambo yenyewe yamenichanganya.

Fundi Swaibu anatengeneza magari na pikipiki gereji, kule Hamugembe, mjini Bukoba. Babu yake alitoka pwani, mkewe ni Mhaya wa huku kwetu, ana watoto wanne, anaswali, na lubisi, pombe yetu ya ndizi, haonji hata tone. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, Mkatoliki wa kuzaliwa, na pikipiki sijawahi kuiendesha hata hatua mbili. Watu hawaelewi huwa tunaongea nini sisi wawili. Tunaongea mashindano ya pikipiki ya Ulaya. Ndiyo hivyo, na atakayecheka acheke.

Mjini kuna Padre mmoja Mzungu ambaye hutumiwa magazeti ya mashindano hayo kutoka kwao. Akishayasoma humpa Fundi, kwa kuwa ndiye anayemtengenezea pikipiki yake. Fundi amejua kusoma juzijuzi tu katika darasa la watu wazima. Kiswahili anakwenda nacho polepole, Kiingereza hana. Basi kila mwisho wa mwezi, akija huku kwa wakwe zake kuchukua ndizi, anapitia kwangu na magazeti. Mimi namsomea nani ameshinda, yeye ananieleza kwa nini ameshinda. Sasa najua kabureta ni nini, na zamani nilikuwa sijui hata kufunga nati.

Mtu wetu ni mmoja tu. Kijana wa Kizungu, namba kumi na tisa, jina lake lina herufi nyingi zisizotaka kukaa pamoja mdomoni, tukampa jina la Mugisha, yaani baraka. Hana kampuni kubwa nyuma yake. Pikipiki yake anaifungua na kuifunga mwenyewe, anazunguka nchi hizo na mkewe katika gari bovu, na humo humo wanalala. Kwenye kona analala na pikipiki mpaka unadhani ameona kitu cha kuokota barabarani. Siku niliyosoma kwamba ameshinda kwa mara ya kwanza, Fundi alirusha kofia yake juu ikanasa kwenye kenchi za paa. Picha ya Mugisha ninayo ndani ya kitabu cha sala. Mungu anisamehe, lakini ipo.

Tangu mwezi wa tisa nanusa kitu.

Kwanza lilikuja gazeti lenye ukurasa uliokatwa. Nikauliza. Fundi akasema, "Panya, Mwalimu." Panya gani huyo anayetumia wembe na rula? Nikaliweka moyoni.

Mwezi wa kumi hakuja na gazeti hata moja. Eti posta inachelewa, lakini Padre amemwambia kwa mdomo kwamba Mugisha hajambo. Hajambo! Tangu lini Padre anatuletea salamu za Mugisha? Sisi huletewa nafasi na muda.

Mwezi wa kumi na moja, mwezi wa senene, ndio ulionimaliza. Nilikuwa barazani nachambua senene, wale panzi wetu wa kukaanga, akaja akaketi, akasema Mugisha amekuwa wa tatu. Mikono yangu ikasimama. Sisi tunaofuata mambo haya tunajua kwamba senene wakianguka huku, kule kwao ni baridi kali na pikipiki zote zimeshafunikwa maturubai. Amekuwa wa tatu wapi, juu ya barafu? Fundi anajua injini kuliko mtu yeyote Bukoba nzima, lakini miezi hakuwahi kuihesabu; kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikamkaangia senene, akala wawili watatu, akaaga mapema.

Nikaanza kushuku kila kitu. Nilidhani anayauza magazeti. Halafu nikadhani amepata msomaji mwingine, karani fulani wa mtaa wa Kibeta, amefika kidato cha nne, Kiingereza anakitolea puani. Nilimwona mpaka shati lake, jeupe, na kalamu mbili mfukoni. Nilishindwa kula vizuri kwa wivu juu ya karani ambaye nilimtunga mwenyewe.

Baada ya Krismasi Fundi akaja na habari mpya: Mugisha anaumwa kidogo.

"Anaumwa nini?"

"Mafua, Mwalimu. Kwao baridi."

Na mwezi uliopita, hapo mlangoni, huku anatazama viatu vyake: "Hali yake si nzuri sana. Tumwombee."

Hapo karani wa Kibeta akanitoka kichwani.

Kwa sababu njia hiyo naijua. Huku kwetu mtu hapigwi na habari ya msiba usoni. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkuu aliniita akaniambia baba anaumwa kidogo, nenda ukamwone. Kwenye kituo cha basi cha Muleba nikampata binamu yangu ananisubiri, akasema baba ameshikwa kweli. Jirani mmoja akaniingiza kwake njiani, akanilazimisha kula kwanza ndipo niendelee. Nilipofika kwenye kibanja chetu, pale nyumbani, nikawakuta wanaume wameketi nje, wameuzunguka moto. Baba alikuwa amezikwa juzi yake. Watu watatu walinidanganya kwa mapenzi tu, na mpaka leo sijawasamehe. Fundi nilimhadithia yote haya siku moja tukinywa chai. Akaniapia kwamba yeye hawezi kunifanyia hivyo.

Kwa hiyo leo nilikuwa nimeamua: akija tu, namkaba, anaeleza.

Nimerudi kutoka misa, sijavua hata viatu, nikawaona wanakuja kati ya migomba, wawili chini ya mwavuli mmoja. Fundi Swaibu na shangazi yangu Koku, dada wa marehemu baba, anayekaa upande wa pili wa kijiji. Wanatembea polepole kama watu wanaobeba kitu. Hawa wawili wamejuana lini? Shangazi amejifunga kanga kiunoni. Fundi ameshika kifurushi cha sukari, kilo nzima, na siku hizi kwenye duka la ushirika sukari tunaisikia tu kwa jina. Mtu haleti sukari kilo nzima bure.

Shangazi hakunisalimu. Akaniuliza, "Umekula, mwanangu?"

"Sijala na sili. Semeni."

Shangazi ndiye aliyeangua kilio, kile cha kweli, mikono kichwani: "Yee! Mugisha, mwana wetu! Umetuacha!" Akalia, akalia, halafu akanyamaza ghafla, akajifuta kwa pindo la kanga na kumgeukia Fundi. "Lakini waitu, huyu Mugisha ni wa ukoo gani?"

Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya yote.

Kumbe Fundi alimwuliza mkewe jinsi Wahaya wanavyoleta habari ya msiba, naye akamfundisha: anza na kuumwa kidogo, kisha kuumwa sana, kisha mchukue mtu mzima wa upande wa baba yake, muende pamoja, hakikisheni amekula. Amefuata hatua zote. Hatua moja kila mwezi! Shangazi naye aliambiwa tu kwamba mtu wa Mwalimu amefariki ugenini, akajifunga kanga akaja.

Nikamwambia Fundi maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Nikamwambia uliniapia. Nikamwambia miezi saba unanilia senene zangu na kunitazama usoni. Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko ukurasa uliokunjwa mara nne. Picha ya Mugisha, amevua kofia, anacheka. Imezungushiwa mstari mweusi. Chini yake mwaka, kistari, mwaka.

"Hiyo haikuhitaji Kiingereza," akasema.

Halafu akasema hili: "Na mimi ningelia na nani, Mwalimu? Wewe tu ndiye unayemjua. Pale gereji wakiniuliza nimefiwa na nani, niseme nini? Nilikuwa naingia chini ya gari, nalilia humo humo, natoka na spana."

Niliona aibu. Miezi saba mimi namshuku wizi, yeye anazika mtu peke yake.

Nikauliza kwa nini leo. Akasema mashindano yanaanza tena karibu na Pasaka, angeniletea gazeti ningemtafuta Mugisha katika orodha ya majina, na hilo hakutaka nilipate kwenye gazeti. Kisha akakaa vizuri kwenye kiti, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtoto siku ya matokeo.

"Sasa nisomee. Najua amekufa, sijui amekufaje. Padre sikumuuliza, nilishindwa."

Nikasoma kimoyomoyo kwanza, kama ninavyofanya siku zote kabla ya kumtafsiria.

Imeandikwa kwamba aliteleza kwenye mafuta yaliyomwagika konani. Imeandikwa kwamba alikaa siku tatu hospitalini na akili zake zote, akimwita mkewe, na mkewe, ambaye safari hiyo hakwenda naye, alikuwa njiani katika lile gari lao, nalo likaharibika. Alifika siku ya nne.

Nikainua uso. Fundi ananitazama mdomoni, anasubiri maneno yatoke.

"Aliteleza kwenye mafuta," nikasema. "Alikufa palepale. Hakusikia maumivu. Mkewe alikuwepo, ndiye aliyemfumba macho."

"Palepale?"

"Palepale."

"Mbona maandishi ni mengi hivyo, Mwalimu?"

"Wazungu wana maneno mengi."

Akasema innalillahi, akainama, akalia sawasawa, kwa sauti, bila gari la kujificha chini yake. Shangazi, aliyeletwa kunishika mimi, akamshika yeye, akawa anampigapiga mgongoni na kumwita mwanangu. Nikapika chai. Tuliinywa tamu mpaka ikawa dawa, na Shangazi akatusimulia wajomba wote waliokufa ugenini.

Alipoaga aliunyoshea mkono ule ukurasa. Nikamwambia utabaki kwangu. Alinitazama kwa muda, na jicho lile nalifahamu, ndilo nililokuwa namtazama nalo yeye tangu mwezi wa tisa. Akasema, "Haya, Mwalimu," akafungua mwavuli akaondoka.

Nimedanganya. Mimi, niliyenuna miaka yote kwa sababu ya baba. Na sikufikiri hata dakika moja, maneno yalitoka yenyewe kama salamu. Ningewezaje kumwambia kwamba gari liliharibika? Yeye ni fundi. Angelitengeneza lile gari kichwani mwake kila siku ya maisha yake, na kila siku asingewahi.

Tangu alipoondoka nimekaa na ukurasa huu mapajani, na kuna kitu kinanitafuna. Padre wa mjini gazeti hili amelisoma. Sasa Fundi ameshalia, hana tena cha kuficha, na keshokutwa Padre akileta pikipiki gereji, Fundi atamwuliza tu. Ataulizia lile palepale, kwa sababu hakuniamini vizuri. Nilimwona.

Jumamosi nitapanda basi mpaka Bukoba nikaungame kwa huyo Padre wa mjini mwenyewe. Padre wetu wa hapa yupo na anaungamisha kila wiki, na watu wataniona napita mbele ya mlango wake na mwavuli wangu, waseme watakavyo. Nitapiga magoti, nitasema nimedanganya, nitapokea kitubio bila ubishi. Halafu kabla hajafunga kidirisha cha maungamo nitamwomba kwamba, Fundi Swaibu akija kumwuliza, naye aseme palepale.

Hivi mtu anaruhusiwa kuungama uongo, na hapohapo kumwomba Padre amsaidie kuuendeleza?