Jiwe la Kundi la Nne

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Mpango wangu umekubaliwa! Kamati ilicheka kwanza. Makundi manne yanasafisha pori la shamba la ujamaa, kila moja upande wake, na hayaonani — pori la Mitundu si mchezo. Basi kila kundi lina jiwe lenye alama. Watu wake wakishatoka wote, kiongozi ananiletea jiwe hapa kwenye kipande cha reli, kengele yetu ya kijiji. Yakitimia manne, nagonga, hatua inayofuata inaanza. Kisha namrudishia kila mmoja jiwe lake kwa zamu nyingine. Mawe yaleyale, siku nzima. Mimi Martina, nimekuwa mtu!

Jumatano, 9 Oktoba
Asubuhi walikata matawi. Mawe yakatimia, nikagonga, wakaja kunywa uji. Nikarudisha matatu. La mzee Alute, kiongozi wa kundi la nne, nikalisahau chini — nilikuwa napiga soga na rafiki yangu Kristina. Soga! Baada ya uji wakarudi ndani kufagia kingo, ili moto wa kuchoma matawi usije ukavuka. Viongozi watatu wakaleta mawe. Nikahesabu manne. Nikagonga. Bonifasi, aliyepewa kazi ya kuwasha, akatia moto.

Kundi la nne lilikuwa bado ndani. Walitoka mbio. Mmoja wao, Yohana, alibebwa, miguu imeungua.

Alhamisi, 10 Oktoba
Yohana kapelekwa hospitali kwa trekta. Atapona, wanasema. Kutembea, haijulikani.

Kijiji kizima kinamsema mzee Alute. Eti alileta jiwe kabla ya kutoa watu. Mazengo wa kamati anataka afukuzwe kijijini. Nilikwenda kumwamkia. Anasema alijipapasa mfukoni siku ile, hakuna jiwe — basi bila shaka alilileta mwenyewe, uzee umemla akili. Ningesema palepale. Nikanywa maji, nikaaga. Mwoga mimi!

Ijumaa, 11 Oktoba
Mkutano wa kijiji juu ya ajali umesimama kwa muda, Waislamu wako kwenye sala. Wakirudi naulizwa mimi, mtunza mawe. Mzee Alute ameshakubali kosa mbele ya wote, kofia mkononi. Felista, mke wa Yohana, alimtazama tu. Afadhali angemtukana.

Sasa hivi mzee kapita hapa nilipokaa. Kanituliza — mimi! Kasema: mwanangu, usinionee haya, sema ulichokiona.

Reli inagongwa. Wanarudi. Wote wameshaketi, anasubiriwa mtu mmoja tu. Mwenyekiti anaita jina langu —