Gari Limelowa, Mapipa Yamejaa

Alhamisi, Newala. Jua limewaka tangu saa mbili asubuhi, jua la kuchoma utosi, na kapeti la gari langu bado halijakauka. Nina hasira. Naandika kwa simu nikiwa nimekaa kwenye siti ya dereva, ila siti yenyewe haimo garini. Iko uani kwa mama, juu ya mkeka, karibu na makopa yake ya muhogo. Vyote viwili vimeanikwa, na makopa yananishinda kwa kukauka.

Hii ni siku ya tatu ya kuanika. Nilipanga kulala hapa usiku mmoja tu.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikieleza nusu nusu nitajipendelea.

Jumatatu mchana nilitoka Masasi kuja kumchukua mama. Anaishi peke yake tangu baba alipofariki, goti linamsumbua, na baada ya miaka miwili ya kubembelezana kwenye simu, safari hii alikubali kuhamia kwangu. Nikafunga duka langu la fotokopi. Nikatandika shuka safi siti ya nyuma ili apate kunyoosha mguu. Nilipokuwa napandisha mlima kuja huku juu, lori la korosho likanipita kwa fujo, jiwe likaruka, na kioo cha mlango wa nyuma kikamwagika chote juu ya ile shuka. Dereva wa lori hata hakupunguza mwendo. Nilimtukana mpaka vumbi lake likaisha, kisha nikaendelea na safari.

Kioo cha gari kama langu, haya magari yaliyotumika ya kutoka Japani, hapa Newala hakuna. Fundi wangu wa Masasi akaniambia kwa simu kwamba anacho. Basi tatizo likawa dogo, nifunike gari usiku mmoja, kesho yake tushuke. Mama alikuwa ameenda kuhani msiba. Nikakuta turubai limekunjwa vizuri kwenye ukuta wa jiko, nikalichukua, nikalifunika gari, nikafunga na kamba pande zote. Mama aliporudi magharibi aliliangalia, akaniangalia, akanyamaza. Nilidhani amependezwa na ufundi wangu wa kufunga kamba.

Alfajiri ya Jumanne mvua ikashuka. Mimi nilikuwa nimelala fofofo kwa uchovu wa barabara. Nilipoamka na kutoka nje, gari lilikuwa uchi, upande ulio wazi umeelekea kule kule inakotoka mvua, na turubai liko juu ya nguzo nne katikati ya uwanja, limelegezwa upande mmoja, maji yanatiririka kuingia kwenye pipa. Mama amelowa chapachapa, goti na yote, anahamisha ndoo huku anacheka peke yake. Mama Issa, jirani, alikuwepo na ndoo zake pia.

Hata shikamoo sikutoa. Nilipiga kelele.

"Mama, umeniharibia gari! Si ungeniamsha?"

"Ningekuamsha saa ngapi, Somoe, na mvua inapita?" akasema, bila kuacha kazi. "Gari si litakauka? Ulitaka maji yote haya yapotee?"

Nilisema mengine. Nilisema kwamba gari lile ni jasho langu, kwamba watu wazima wanajua kitu cha thamani na kisicho na thamani. Nilimwambia mama yangu maneno hayo mbele ya jirani yake. Mama Issa aliinamisha uso kwenye ndoo yake kana kwamba ameangusha kitu humo ndani.

Toka hapo ni kazi. Nani aliyeniambia kwamba kukausha gari ni kufungua milango na kungoja jua? Siku ya kwanza nilichota maji sakafuni kwa kikombe, nikadhani nimemaliza. Kumbe chini ya kapeti kuna sponji, na sponji ile imekunywa maji kama ngamia. Nikikanyaga, maji yanapanda. Nikiinua mguu, yanarudi. Nilikamua kwa kanga mpaka viganja vikachubuka. Jana ndipo Baba Issa, ambaye ni fundi baiskeli, alipokuja na spana zake akanifungulia siti, kisha akanionyesha vizibo vya mpira chini ya sakafu. Tukavitoa, maji yakashuka yenyewe. Siku nzima ya kikombe ilikuwa bure.

Na vioo! Vimejaa kila mahali, punje punje kama chumvi ya mawe, kwenye mishono ya siti, kwenye reli, mpaka ndani ya tundu la mkanda wa siti. Vidole vyangu viwili vimefungwa kitambaa. Halafu ile harufu, ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Nimeweka mkaa kwenye sufuria humo ndani uvute harufu, kama nilivyoelekezwa. Sasa gari linanuka nguo iliyosahauliwa karibu na mkaa.

Mama Issa ni Mmakua, sisi ni watani wake, na hakuiacha nafasi ipite. Jana alipita akasimama kwenye ua.

"Nyie Wamakonde kweli mna maajabu. Watu mnawanyima maji, gari mnaliogesha."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Mtani hachukiwi, najua, lakini nilikuwa na kipande cha kioo kidoleni.

Kapeti lilikuwa limejaa tope jekundu, lazima lisuuzwe kabla ya kuanikwa. Nikamwomba mama maji. Mapipa yake yote yamejaa, ndoo zimejaa, masufuria yamejaa, hata beseni la kufulia. Mama akaingia jikoni akaniletea nusu ndoo ya maji meupe aliyooshea mchele. Akaiweka chini, mkono wake ukabaki kwenye mshikio, kama anafikiria upya.

"Yatosha?" akauliza.

Nilitaka kulia kwa hasira. Nimesuuza kapeti kwa maji ya mchele.

Ni pale nilipokuwa nasuuza ndipo nilipoanza kujiona. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba hii. Nikiwa msichana nilikuwa nashuka naye bondeni kabla ya kucha, tunapanga foleni kisimani, tunapandisha mlima na ndoo kichwani, shingo inauma mpaka darasani. Nilijua kwamba turubai lile kila msimu wa mvua linakaa palepale ukutani, tayari, na kwamba wingu likionekana linatoka. Nilijua. Sema miaka ishirini ya kufungua bomba Masasi imenifanya nione turubai tu. Nimelitoa mahali pake mwezi wa mvua bila kuuliza, na mama kwa heshima ya mgeni akanyamaza jioni nzima. Mgeni mwenyewe ni mimi, mwanawe.

Hilo sijamwambia.

Leo mchana kapeti lilionyesha dalili ya kukauka, nikapata nguvu. Nikamwambia mama afunge mizigo, kesho Baba Issa akisharudisha siti tunashuka Masasi. Mama alikuwa anageuza makopa. Akayatazama mapipa.

"Nitakuja maji yakiisha," akasema.

"Yataisha lini, mama? Huu si ndio kwanza mwanzo wa mvua? Mpe Mama Issa."

"Mama Issa anayo yake."

"Basi yamwage!"

Nililisema hilo, nalijutia. Aliacha makopa. Alikaa chini kwenye mkeka, karibu na siti hii niliyokalia sasa, akanyoosha lile goti. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kwako bomba liko ndani ya nyumba," akasema. "Umeme upo. Chakula anapika dada wa kazi. Mimi nikiamka alfajiri nitafanya nini?"

"Utapumzika, mama."

"Nipumzike mpaka lini, Somoe?"

Nikachukua kanga nikarudi kukandamiza kapeti pale palipokwisha kauka.

Nimekaa hapa tangu adhuhuri nikilitafuta jibu. Nimemwandalia chumba. Nimenunua kitanda, godoro, chandarua kipya, na kiti cha plastiki cha kukalia barazani. Nimepiga hesabu ya kila atakachokalia na kulalia. Sikufikiria hata kitu kimoja atakachokifanya. Hapa mvua ikinyesha alfajiri kuna mtu anahitajiwa, na mtu huyo ni yeye. Mama Issa akiishiwa maji anakuja kwake. Alipokuwa amelowa Jumanne, na goti lake bovu, sikuwa nimemwona na furaha ile tangu baba alipokuwa hai, nami nikaikatisha kwa ajili ya siti za kitambaa.

Na kuna jingine, ambalo ni gumu zaidi kuliandika. Kila mwisho wa mwezi mimi napanda mlima huu. Nafunga duka, nakula vumbi, nalala vibaya, nashuka. Nimechoka. Nikiwaambia watu nasema namchukua mama apumzike, wananisifu kwa kuwa mtoto mwema. Je, nilikuja kumpumzisha mama, au nilikuja kujipumzisha mimi?

Kesho siti zitarudi garini. Kama mama atakalia ile ya nyuma, atasema mwenyewe, na mimi sitambembeleza tena.

Sasa ananiita, chai iko tayari. Mama Issa amekuja, nasikia sauti yake. Ni vizuri. Kelele zangu nilizipiga mbele yake, na radhi naenda kuiomba mbele yake.