Kuonja Kabla ya Mgeni

Jumatatu, 3 Juni
Nimefagia, nimekaanga dagaa kwa mawese, nikachukua bodaboda kumpelekea Gervasi chakula kazini. Ni hapa hapa Gungu, ningeweza kutembea. Nilitaka dereva aone naenda wapi. Akaniuliza, "Pale baa ya bia za ndizi, mama?" Nikamsahihisha. Si baa. Ni kiwanda cha mwanangu, na mbele kuna ukumbi wa kunywea. Kijana amesoma Morogoro. Mapipa manne ya chuma, marefu kuliko mimi. Mabomba sita ukutani yanang'aa kama vyombo vya kanisani. Mimi niliyeishia la saba ndiye niliyemzaa.

Sikukaa sana. Kwenye pipa la tatu ilinifikia harufu ya ndizi zinazochacha. Nikatoka nje kama mtu anayefuata upepo.

Jumatano, 5 Juni
Ufunguzi Jumamosi ya tarehe 15. Gervasi kaniletea orodha ya wageni niikague, kana kwamba mimi ndiye mkurugenzi. Diwani yumo. Kwaya yetu haimo, afadhali, sisi tuliookoka bia hatuigusi. Chini kabisa: Mama mdogo Velediana, Ujiji.

Kampigia simu mwenyewe. Kakubali kuja. "Ni mke wa baba mdogo, mama. Nimwache vipi?"

Damasi, huyo baba yake mdogo, alipokufa, Gervasi alikuwa na miaka minane. Hatukumwambia chochote.

Ijumaa, 7 Juni
Niliandike, maana sijawahi kulisema.

Miaka kumi na tisa iliyopita. Mume wangu, Mungu amrehemu, pombe yake ya ndizi ilisifika mpaka Kasulu. Tulikuwa tumebatiza mtoto wetu wa mwisho. Damasi, mdogo wake, alikuja na mkewe Velediana. Kwetu Uha mgeni hapewi pombe kabla mwenye nyumba hajaionja mbele ya macho yake, ajue hakuna sumu. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu.

Damasi alikuwa mtu wa utani. Siku ile akanigeukia mbele ya wakwe. "Shemeji, hilo darasa la saba ulipitia mlangoni au dirishani?" Wakacheka wote. Mume wangu naye.

Nikainua kibuyu chake. Harufu haikuwa yenyewe. Kama chuma chenye kutu. Niliisikia vizuri. Nikampa hivyo hivyo, sikuonja. Nilitaka tumbo limkate kidogo, aumbuke.

Siku ya tatu tukamzika. Hospitali walisema ini lilikuwa bovu tangu zamani. Watu walisema ni mimi. Velediana hakusema neno. Ila tangu siku hiyo hajala wala kunywa kitu kilichotoka mkononi mwangu. Hata msiba wa mume wangu alikuja na maji yake kwenye chupa.

Watu wanadhani pombe niliiacha kwa ajili ya wokovu. Niliiacha kwa ajili ya Damasi.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani niliimba vibaya. Mwenzangu akaninong'oneza, "Mama Gervasi, leo umemeza nini?"

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda kupanga viti ukumbini. Saa sita mchana, jua kali, mlango wazi. Mtu amekaa pembeni, amenipa mgongo, kofia ya pama kichwani. Mabega yale nayajua, ni ya Damasi. Nikaita, Gervasi, mgeni wako yule nani? Akatoka na tambara mkononi, akaangalia. "Viti vitupu hivyo, mama."

Vilikuwa vitupu.

Naogopa. Velediana akiiacha glasi yake imejaa, mbele ya diwani na ukoo mzima, yataamka yote. Mji wenyewe ndio huu. Nani atakunywa bia ya mtoto wa mwanamke aliyetia sumu? Mwanangu kahangaikia kitu hiki miaka mitatu.

Nilimwandikia Velediana ujumbe asije. Nikaufuta.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemwota Damasi. Kanyosha mkono anaomba kibuyu. Hana hasira hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 15 Juni
Watu walijaa mpaka nje. Gervasi kavaa shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe. Diwani kasema mwanangu ni fahari ya mkoa. Nilitamani kusimama juu ya meza.

Velediana alikuja na kitenge cha bluu. Kazeeka. Tulisalimiana kwa Kiha, macho chini. Kakaa pembeni, kiti kile kile. Sikumchagulia mimi.

Gervasi akajaza glasi kutoka bombani, akampelekea kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha. Akaipokea. Akaiweka mezani. Akaiangalia tu.

Shangazi zake Gervasi wakaacha kuongea. Mmoja akamgusa mwenzake kiwiko. Povu likaanza kushuka.

Nilikwenda. Nikaichukua ile glasi mbele ya wanakwaya wawili waliokuja kuchungulia, nikanywa funda kubwa, nikameza, nikafungua mdomo aone. Ilikuwa tamu na chungu kidogo, na safi. Nikaifuta pale nilipogusa, nikamrudishia.

Akanitazama. Akasema polepole, mimi tu nikasikia, "Ungefanya hivi siku ile."

Akanywa. Yote. Akaomba nyingine.

Gervasi hakuelewa kitu. Alicheka, akasema mama leo kaasi dini.

Jumapili, 16 Juni
Habari imenitangulia kanisani. Mchungaji ataniita. Aniite.

Jumatano, 19 Juni
Nimekwenda Ujiji kwa Velediana. Sikubeba kitu. Nimemkuta nyuma ya nyumba anageuza dagaa juani. Nikachutama, nikaanza kugeuza upande wangu. Hakunizuia.

Akauliza, bila kuinua kichwa, "Kibuyu kile kilikuwa na harufu, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Nikasema niliisikia, nikampa.

Mikono yake haikusimama. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari.

"Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake," akasema. "Harufu ilinifikia na mimi, sikumwonya. Tulikuwa tumegombana naye njiani."

Jua lilikuwa bado juu. Tukageuza dagaa mpaka mwisho wa turubai, yeye huku, mimi huku.