Mawe ya Kukanyagia Kisimani

Ipagala, Dodoma
9 Oktoba 1911

Mpendwa mwanangu Yoramu,

Pokea salamu zetu huko Dar es Salaam. Kifua kimepona? Kazi ya reli haikuchoshi mno? Sisi tu wazima, ila jua ni kali na mifugo imekonda.

Ninaandika huku nikiinuka kila mara kuchungulia mlangoni. Dada yako Hana hatulii, naye amenifanya hata mimi nisitulie.

Unamkumbuka Matonya, yule aliyegombana na Hana barazani kwa ajili ya maji ya korongoni. Wazee waliwagawia mahali pale, kila mmoja akachimba kisima chake, hatua kumi kati yao, na miaka minne hawakusalimiana. Wewe uliapa kwamba ng'ombe wa Matonya hataingia zizini kwenu, hata awe wa mahari.

Julai hii Matonya alichukuliwa kubeba mizigo ya boma hadi Kondoa. Umekaa mjini siku nyingi, basi nikukumbushe: kisima cha mchangani kisipozolewa mchanga kila asubuhi hufukiwa, na ng'ombe hufa kwa kiu. Wiki sita Hana alikizoa kisima cha Matonya. Alituambia anaogopa ng'ombe wale wasije wakavamia chake, nasi tukakubali. Lakini alipanga na mawe ya kukanyagia, yaliyokaribiana, ya kumfaa mtu mwenye goti bovu. Na goti bovu pale ni la Matonya peke yake.

Aliporudi akayaona, akamwuliza kwa nini.

"Ng'ombe wako wanalia sana," Hana alimjibu. "Nilitaka kulala."

"Ukalala?"

Hana akajitwika mtungi, akarudi nyumbani. Tangu siku ile huteka maji mara mbili, hata mtungi ukiwa umejaa.

Sasa Matonya amekuja kwangu kuposa. Hana anasema hawezi kuvunja kiapo chako. Mimi naona anajificha nyuma ya kiapo hicho, maana alikwisha kuzika mume mmoja, anaogopa. Mwezi ukiandama Matonya atahamishia mifugo Bahi. Kiapo ni chako. Kitangue au kikaze, ila ujibu kabla ya hapo.

Mama yako mdogo Tereza anakusalimu, na binti yetu Yudith pia. Hana naye anakusalimu, na ameniamuru niandike kwamba jibu lolote kwake ni sawa. Nimeandika. Amekwisha kuvaa viatu, amesimama hapa akingoja wino ukauke, aipeleke barua stesheni mwenyewe.

Mungu akulinde ugenini, akupe na moyo mwepesi.

Ni mimi baba yako mdogo akupendaye,
Sostenes