Muziki Usiosumbua

Uko wapi? Mwenzio leo nimeumbuka. Usimwonyeshe mtu ujumbe huu.

Si unaijua ile filamu ya wakunga? Mwongozaji alitaka muziki mtupu, zeze lichanganywe na piano, upite chini ya sauti ya msimulizi. Nikapeleka wangu. Kumbe na wifi yangu kapeleka wake! Wifi huyuhuyu niliyemfundisha mimi hata kushika upinde!

Tumekaa studio wote. Wakaanza na wangu. Mwongozaji akaitikia kwa kichwa: "Mzuri. Hausumbui."

Hausumbui!!

Ukaja wa wifi. Zeze likaingia taratibu, piano ikalifuata nyuma. Mwongozaji akainua mkono, akamwambia fundi mitambo, "Toa sauti ya msimulizi. Hapa tunyamaze wote."

Umeona? Wangu hausumbui. Kwenye wake, msimulizi ndiye anayesumbua!

Roho iliniuma mpaka nikaropoka: "Lakini hilo zeze bovu, halina sauti."



Wifi akaniangalia kwa upole, hata hasira hana, na ndicho kinachoniudhi: "Ni lako, wifi. Lile uliloniazima."

Fundi alicheka mpaka akavua hedifoni.

Wifi alikuwa nalo begani. Nikalidai palepale. Akanipa, na asante juu.

Sasa niko chumbani, nalipiga tangu mchana, vidole vinawaka moto. Mume wangu kachungulia mlangoni. Nikamuuliza, nakupigia kelele?

"Endelea tu, mke wangu. Wala hunisumbui."